Uma wa Bluu

Nyanchama aliuweka ule uma juu ya meza ya duka mjini Migori, karibu na mizani ya sukari, na mzee Nyakundi akautazama kwanza udongo ulioanguka mezani kabla ya kumtazama yeye.

"Mama Bonareri, ondoa hicho chuma hapo. Watu watakula sukari hii."

Akauondoa. Akasimama nao mkononi kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi, huku mzee akimpimia mteja mmoja chumvi, akimkatia mwingine sabuni, na wa tatu akimuuliza habari za mama yake aliyebaki Kisii. Hakuna aliyeharakishwa. Ulikuwa uma wa mbele wa baiskeli, ule wenye miguu miwili inayolishika gurudumu, na ulikuwa umekatika shingoni, pale miguu inapokutana. Rangi yake ya bluu bado iling'aa. Hilo ndilo lililomuudhi Nyanchama kuliko yote, kwamba kitu kimevunja mguu wa mume wake na bado kinang'aa.

Ukutani, juu ya kichwa cha mzee, ilining'inia picha iliyoletwa na wakala kutoka Kisumu. Mwanamume mwenye kifua kipana ameketi juu ya baiskeli, na nyuma yake amefungwa ng'ombe mzima, pembe na yote. Chini ya picha kulikuwa na maneno ambayo kila mchukuzi wa samaki kati ya Homa Bay na Migori aliyajua kwa moyo, hata asiyejua kusoma: Hauvunjiki. Haupindi. Utamrithisha mwanao.

"Umevunjika," Nyanchama alisema wateja walipopungua.

"Naona."

"Haukumaliza hata mvua za mwaka mmoja, mzee. Ule mweusi wa kwanza Baba Bonareri aliutumia tangu tuhamie huku, mpaka ukaliwa na kutu ndipo akauacha. Barabara ni ileile, tenga la samaki ni lilelile, mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni uma."

Nyakundi hakuwa mtu mbaya, na ingekuwa rahisi zaidi kwa kila mtu kama angekuwa mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mkarimu, na zile uma za bluu alizinunua kwa akiba yake yote kwa sababu wakala alimwapia, naye aliamini. Aliutungua uma mpya kutoka kwenye msumari, akauweka upande mmoja wa mizani, na upande wa pili akaweka mweusi. Wa bluu ukazama.

"Umeona mwenyewe. Ni mzito zaidi. Kizito na chepesi, kipi kina nguvu?"

"Hata jiwe ni zito, mzee, na bado hupasuka."

Akachukua jiwe la mizani akaugonga ule uma mpya. Ulilia vizuri, sauti ndefu kama kengele ya shule. Wateja wawili waliokuwa mlangoni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. "Chuma kibovu hakilii hivi," alisema mzee. Kisha akaurudisha msumarini, akafuta mikono, na kuuliza kwa upole, "Kerosi alianguka saa ngapi?"

"Jioni."

"Jioni ya Ijumaa."

"Ndiyo."

"Jua lilikuwa limetua?"

Nyanchama aliona mahali maneno yanapoelekea. "Mzee, mimi nimekuja na habari ya chuma."

"Na mimi nauliza habari ya Sabato, dada yangu."

"Chuma hakijui siku."

"Hakijui," mzee alikubali. "Mwenye chuma ndiye anayejua."

*

Kerosi alikuwa amelala chali, mguu wake wa kulia umefungwa plasta kutoka kwenye nyonga hadi kwenye kifundo, na alikuwa amechoka kuulizwa. Kila mgeni aliyeingia alianza kwa pole, akamaliza kwa jua.

Ukweli wake ulikuwa hivi. Wachukuzi Wasabato waliondoka Homa Bay mapema siku ya Ijumaa ili Sabato, inayoanza jua la Ijumaa likitua na kazi yote kuachwa, isiwakute njiani. Ijumaa ile mitumbwi ilichelewa, na samaki walipotolewa wachukuzi Wajaluo na Wakatoliki walikaa kunywa chai, maana wao hawakuwa na haraka na jua. Kerosi alifunga tenga lake akakanyaga. Kwenye mteremko wa kuingia Uriri hakugusa breki hata mara moja. Uma ulikatika katikati ya mteremko, gurudumu likaenda lake na yeye akaenda lake.

"Lilikuwa limetua au halikutua?" aliuliza Monari, mdogo wake, aliyekuwa ameketi mlangoni akinoa panga ambalo halikuhitaji kunolewa.

"Nilikuwa naliangalia kila baada ya kona. Halafu nikaanguka. Baada ya kuanguka sikuangalia tena."

"Mnaulizana jua, jua," alisema Nyanchama kutoka jikoni. "Kama lilikuwa limetua, uma ungejuaje?"

"Shemeji, usianze."

"Nitaanza. Kwa sababu wewe ndiye utakayepanda."

Hilo ndilo lililokuwa limekaa ndani ya nyumba ile kama mgeni asiyeaga. Wenye hoteli za Migori walikuwa wametuma salamu kwamba watangoja samaki wa Kerosi kwa muda, lakini si milele, na njia ya samaki ikishachukuliwa na mtu mwingine hairudi. Baiskeli ilikuwa nzima isipokuwa uma. Monari alikuwa na miguu, hakuwa na mke, na alikuwa tayari. Nyanchama alimlea tangu akiwa kijana wa kuchunga mbuzi, na kila alipofumba macho alimwona kwenye mteremko ule.

*

Baraza la kanisa lilikaa Sabato iliyofuata baada ya ibada. Kerosi aliletwa akiwa amebebwa juu ya kiti, mguu umenyooshwa mbele, na ikabidi mlango ufunguliwe pande zote mbili ndipo apite. Watoto waliangua kicheko, wakafukuzwa. Nyanchama alikuwa na uma ndani ya kanga. Mlinzi wa mlango akamwambia auache nje.

"Hili ni baraza la kanisa, mama. Si gereji."

Shahidi alikuwa mmoja tu, Maroa, Mkuria mchuuzi wa ng'ombe, ambaye ndiye aliyemwokota Kerosi barabarani. Alikuwa ametoka mbali kuja kusema alichokiona, na hakuna aliyempa maji.

"Mimi iko na ng'ombe zangu pale chini," alisema. "Nasikia kitu inalia, kaa! Naangalia, naona huyu mtu iko chini, samaki imejaa barabara. Jua bado iko. Iko pale juu ya mlima, nyekundu, lakini iko."

"Siku hiyo ulikuwa umekunywa?" aliuliza mzee Nyakundi.

"Kidogo."

"Sasa mtu aliyekunywa atajuaje jua liko wapi?"

"Mzee, mimi nilikunywa pombe. Sikukunywa jua."

Watu wa nyuma walicheka, wa mbele hawakucheka. Maroa alishukuriwa na kuombwa atoke. Nyanchama akainuka akasema kwamba anaomba neno moja, kwamba huyu amesema alisikia kitu kinalia kabla ya mtu kuanguka, na kwamba kama chuma kilikatika kwanza basi waulizwe waliokiuza. Akaambiwa zamu yake haijafika. Haikufika.

Kerosi alitazama nyuso za watu aliohama nao kutoka Kisii, waliomjengea nyumba, ambao wangemzika. Mguu ulikuwa ukimwasha ndani ya plasta na hakuweza kujikuna mbele ya watu. Alitaka tu liishe.

"Huenda lilikuwa limetua," alisema. "Naomba mnisamehe."

Mzee Nyakundi alilia machozi ya kweli. Alimkumbatia Kerosi pale kitini, akatangaza kwamba ndugu hatatengwa, na kwamba yeye mwenyewe, kwa mkono wake, atampa uma mpya bila malipo ili nyumba yake isilale njaa. Watu wakasema amina.

"Wa rangi gani?" aliuliza Nyanchama.

"Wa bluu, dada. Ulio bora kuliko zote."

*

Monari aliufunga uma ule kwenye baiskeli siku ya Jumapili, akizungusha nati huku anapiga mluzi. Nyanchama alimsimamia.

"Usiende nayo."

"Shemeji, nusu ya wachukuzi wana wa bluu."

"Na umevunjikia wangapi?"

"Sijasikia."

"Umeuliza?"

Monari aliacha mluzi. Hakuwa ameuliza. Hakuna aliyekuwa ameuliza, na hapo ndipo mtu anapotamani kupiga kichwa ukutani, maana kuuliza si ujinga na hakuhitaji fundi wala mwalimu. Wenye uma nzima walisifu uma, waliovunjikiwa walinyamaza, na picha ya ng'ombe ikaendelea kuning'inia.

"Nipe siku chache," Nyanchama alisema. "Ukiniheshimu kidogo, usiipande mpaka nirudi."

Alipanda lori la samaki lililorudi tupu Homa Bay. Nyumbani alisema anakwenda kumwomba Phelesia asigawe samaki wao kwa wengine, na hilo lilikuwa kweli. Phelesia alikuwa mwanamke wa Kijaluo, Mkatoliki, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa, na ndiye aliyemuuzia Kerosi siku zote. Alisikiliza yote huku akigeuza samaki juani.

"Pole sana, nyamera, dada yangu. Hata mimi mchukuzi wangu mmoja alianguka hivyo. Gurudumu ilitoka, yeye akabaki na usukani mkononi."

"Uma wake ulikuwa wa rangi gani?"

Phelesia alisimama na samaki mkononi. "Bluu. Lakini huyo alikuwa amekosana na baba yake. Wazee walisema ni chira, laana ya kukosea mila. Baba yake alikuwa hajala kwake tangu mavuno."

"Ule uma uko wapi?"

"Si uko nyumbani kwake. Nani anatupa chuma?"

Kweli, hakuna anayetupa chuma. Kitakuwa jembe siku moja, au kigingi cha ng'ombe. Nyanchama aliupata umechomekwa kwenye paa la jikoni la mchukuzi yule, na akaugeuza mwangani, akatazama palipokatika. Ilikuwa shingoni.

Kutoka hapo alirudi polepole, kituo kwa kituo, akiuliza kwenye masoko. Hakutaka kumdhulumu mtu, kwa hiyo aliuliza na habari za uma nyeusi. Akaonyeshwa mweusi mmoja uliopindwa na lori na mwingine uliooza kwa kutu, na uma zote mbili zilikuwa na umri mkubwa kuliko watoto wa wenyewe. Aliuliza mzigo, aliuliza barabara. Wanaume wengi walimjibu kama mtu anayejibu mtoto, wengine walimuuliza mume wake yuko wapi, na fundi mmoja wa Rongo alimfukuza akidhani ametumwa na muuzaji mwingine. Hata hivyo kila aliyekuwa na uma wa bluu uliovunjika alikuwa na kisa chake tayari, kimekunjwa vizuri. Wangwe, mchukuzi mmoja, alikuwa amelewa. Ndivyo mke wake alivyosema, na Wangwe mwenyewe akakubali kwa aibu, ingawa alipobanwa alikumbuka kwamba alikunywa baada ya kuanguka, ili asisikie maumivu. Gisiri, mchukuzi wa Uriri, alikuwa amebeba mahindi kupita kiasi. Nyanchama alipomuuliza kiasi gani, ikaonekana ni mzigo uleule aliokuwa akibeba kwa uma mweusi miaka yote. Mwingine alikuwa amempiga mke wake asubuhi ya siku hiyo. Kila uma ulikuwa na dhambi yake, na kila mwenye dhambi aliona haya, akauficha uma nyumbani, asijue kwamba jirani wa soko la pili ameficha wake.

Aliwaomba wampe hivyo vyuma kwa siku moja. Walimpa, wengine kwa kumwonea huruma tu. Akavitia kwenye gunia, akalipandisha kwenye lori.

*

Maneno husafiri upesi kuliko lori. Migori watu walikuwa wameanza kusita, na wachukuzi wawili waliokuja kununua uma wakaondoka bila kununua. Mzee Nyakundi aliumia, maana alijiona anasingiziwa, na akaamua kuyamaliza mbele ya watu siku ya soko.

Aliweka uma mpya wa bluu kibarazani, ukiwa umelazwa juu ya mawe mawili. Kwanza likawekwa gunia la mahindi. Likawekwa la pili. Kisha wanaume wawili wa nyama nono, wenye bucha, wakakaa juu ya magunia wakiwa wameshikana mabega. Uma haukupinda hata kidogo. Umati ulipiga makofi, na kusema kweli ulikuwa na haki ya kupiga makofi, kwa sababu macho yao hayakuwadanganya. Kitu kilichowadanganya ni kile ambacho hawakukiona pale, yaani mashimo ya barabara, na mvua, na samaki wa juzi na jana na kesho.

"Nani bado ana shaka?" aliuliza mzee.

Hakuna aliyekuwa nayo. Monari alikuwa pale, baiskeli imeegemezwa ukutani na tenga tupu tayari limefungwa nyuma. Alikuwa ameahidi kungoja, na alikuwa amengoja, lakini asubuhi hiyo mwenye hoteli mmoja alikuwa amemwambia leo ndiyo mwisho. Baada ya kuona yale magunia, kungoja kulianza kumtia aibu. Alishika usukani.

"Barabara haikai kimya kama hayo mawe," ilisema sauti ya Nyanchama.

Alikuwa ameshuka kwenye lori akiwa na vumbi hadi kwenye kope, na gunia mgongoni. Watu walimpisha, wengine wakiguna. Mwenye bucha mmoja, akiwa bado amekaa juu ya mahindi, alimuuliza kama na yeye ameleta mahindi yake yapimwe. Nyanchama alilimimina gunia kibarazani, na vyuma vikaanguka kwa kishindo miguuni mwa mzee. Kisha akatoa na ule wa Kerosi kwenye kanga.

Alipiga magoti akazipanga kwa mstari, moja kando ya nyingine, kichwa upande mmoja na miguu upande mmoja, jinsi anavyopanga samaki sokoni.

"Huyu alilewa," alisema, akigusa wa kwanza. "Huyu ana chira ya baba yake. Huyu alibeba mahindi mengi. Huyu alimpiga mke wake. Huyu ni wa Baba Bonareri, alivunja Sabato." Akainua uso. "Angalieni palipokatika."

Hakuna aliyehitaji kuinama sana. Zote zilikuwa zimekatika shingoni, mahali pamoja, na ungeulaza mmoja juu ya mwingine mikato yake ingelingana. Gisiri, aliyekuwa amefuata lori kwa baiskeli ya kuazima ili kulinda chuma chake, alitazama wa kwake, akatazama wa jirani yake, akainama na kupitisha kidole palipokatika. Ndiye aliyekuwa akiwajibu wateja kwamba "mimi niliuonea, niliubebesha".

Mzee Nyakundi alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akageuka kutazama mlango wa stoo ya nyuma, ambako zilikuwa zimebaki uma za bluu za kutosha kumfilisi. Pengine kwa kitambo kidogo aliona. Halafu akajinyoosha, na alipozungumza ilikuwa kwa huzuni ya kweli, sauti ileile aliyoombea wagonjwa.

"Ndugu zangu, mmejionea wenyewe jinsi dhambi ilivyozidi katika nchi hii."

Baadhi ya watu waliitikia kwa vichwa. Mmoja alisema ni kweli, mzee. Nyanchama alibaki amepiga magoti, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile machozi yakamtoka, ya hasira tupu, yasiyokuwa na mahali pa kwenda.

Nyuma yake akasikia chuma kikigonga chini. Monari alikuwa amepindua baiskeli, magurudumu juu, tenga limebingirika kando. Aliomba spana kwa kunyoosha mkono tu, akiwa hamtazami mtu, na Gisiri akampa yake, naye akaanza kuufungua ule uma wa bluu.

*

Njia ya samaki ilichukuliwa na mchukuzi mwingine kabla ya mwezi kwisha, maana pesa ya kununua uma mweusi haikupatikana. Monari alipata kibarua cha kulima Uriri, na Nyanchama akaanza kuuza samaki wachache aliowaleta kwa lori, faida yao ikiishia kwenye nauli. Picha ya ng'ombe ilibaki ukutani. Watu walinunua uma za bluu, si wengi kama zamani, na wengine waliambiana kimyakimya wanunue nyeusi, bila kueleza kwa nini.

Jioni ya siku ile ya soko Nyanchama alimweleza mume wake yote, na Kerosi alimsikiliza huku akitazama paa. Alipomaliza, Kerosi aliuliza swali moja.

"Zote shingoni?"

"Zote."

Nje jua lilikuwa likienda kutua, na mwanga wake mwekundu ulikuwa umefika hadi kwenye plasta yake nyeupe.

"Basi mimi," alisema Kerosi taratibu, "nilitubu nini?"

Nyanchama alimwekea mto mwingine mgongoni ili aweze kula akiwa ameketi, akamsogezea ugali.